Hesabu Hadi Kumi na Tano

Kwenye paji la Isuzu rangi imebanduka:
SUBIRA YAVUTA, basi. Heri ilikwenda na mvua za masika.
Watu wa Mtambile husema ni kweli tupu,
subira yavuta, na sisi twasukuma.

Miaka mitatu nimelala na mteremko kichwani.
Kila jioni Shaame hutafuta kilima kabla ya kutafuta chakula,
aielekeze pua ya gari chini, upande wa Mkoani,
nami nitie jiwe mbele ya gurudumu.
Alfajiri ya kipupwe, umande umekaa hata kwenye nati,
ufunguo unazungushwa, stata inakohoa,
nguu, nguu, ngu,
moshi mweupe, kisha kimya cha mtu aliyenuna.
Tumeimwagia bloki maji ya moto.
Tumewasha gazeti tukalishika penye tundu la hewa
hadi nyusi zangu zikaungua, wa kushoto haujarudi sawa.
Mwisho ni watoto wa chuo, juzuu zimebanwa kwapani,
mikono kumi na minne kwenye bodi: haya, pamoja!
Na magunia ya karafuu yako juu, na meli haimngoji mtu.

"Baridi iko Ulaya," Shaame husema. "Hapa ni ukaidi wa gari."
Riziki binti Kombo, fundi umeme, hakuinua macho kwenye mita:
"Chuma hakijui Ulaya iko wapi."

Akagusa betri: kumi na mbili na nukta sita.
Akagusa plagi ya moto: nane na kidogo.
"Umeona? Umeme unatoka kwake mzima,
unapita kwenye swichi ya ufunguo iliyolika,
unapita kwenye waya mwembamba kama uzi wa kushonea kofia,
mara tatu umeungwa kwa plasta ya kidonda,
unafika hoi. Mgeni aliye hoi hamwashii mtu jiko."

Siku nzima tulikuwa chini ya boneti.
Plagi mbili kati ya nne zilikufa zamani, hatukuzizika.
Mpya zilitoka Chake.
Akafunga relei ubavuni mwa betri,
waya mnene, mwekundu, mfupi, upite njia ya mkato;
ule mwembamba akauachia kazi ya kupeleka salamu tu.
Akakwangua kutu kwenye bloki mpaka chuma kikang'aa,
akafunga eathi mpya,
"maana umeme nao unataka njia ya kurudi kwao."
Fyuzi. Na kwenye dashibodi kitufe cheupe
cha kengele ya mlangoni, hakukuwa na kingine dukani.
Plagi moja tuliijaribu nje: ikaanza wekundu nchani
kama pilipili inavyoiva, ila kwa pumzi chache.

"Bonyeza. Hesabu hadi kumi na tano. Usiibe hata moja."

Usiku ule Shaame aliegesha mteremkoni vilevile.
Imani yake ilikuwa na jiwe chini.

Asubuhi nikabonyeza.
Moja. Mbili. Sikujua alfajiri ina vitu vingi hivi:
tatu, tone la umande kutoka jani la mgomba hadi bati,
sita, mamake Shaame anakohoa, anapuliza jiko,
tisa, kidole changu kimetoka jasho,
kumi na mbili, Shaame anamung'unya bismillahi ya pili,
kumi na tano.
Ikaitika kwa neno moja.

Watoto wa chuo walikwisha jipanga nyuma,
mikono wameinyoosha. Wakaachwa wameshika hewa.
Mdogo wao, Faki, akauliza, "Sasa sisi je?"
Hakuna aliyemjibu. Shaame akampa mia mbili, akaikataa.

Siku ya tano gari ililala mahali tambarare, mbele ya nyumba.
Jiwe nililibeba mwenyewe hadi uani. Lina alama ya tairi ubavuni;
mamake Shaame hulikalia akichambua karafuu.

Faki bado hupita alfajiri. Hana cha kusukuma,
basi huweka kiganja kwenye bodi
akahesabu nami, kwa sauti, kutoka nje.
Akifika kumi na nne hunyamaza.
Ya mwisho ananiachia mimi.